Seli ile haikuwa hai, Ndugu Mhariri

Newala, Mtwara

Ndugu Mhariri,

Huku kwetu gazeti lako hufika siku ikiwa imekwisha. Ninalisoma jioni kibarazani, na nikishamaliza mke wangu hulichukua kwa kazi zake za jikoni. Toleo la Jumapili lililokuwa na makala ya hadubini ya leza nilimnyima. Nilichukua mkasi, nikakata ile picha, nikaihifadhi ndani ya daftari langu la zamani la kazi.

Picha ni nzuri, sikatai. Seli moja imechukua nusu ukurasa: kiini cha bluu, nyuzi za kijani zimetawanyika kila upande, wekundu umezunguka ukingoni. Chini yake mmeandika kwamba ni seli hai ya binadamu kama inavyoonekana kwa hadubini ya kisasa. Nikashuka kwenye makala. Aya ya nne mwandishi wenu anaeleza kuwa seli hiyo imetiwa rangi kwa kingamwili. Hapo nikaweka kikombe chini.

Kingamwili kwa kawaida haiingii yenyewe ndani ya seli iliyo hai. Ni protini kubwa ya kinga ya mwili, yenye kushika kitu kimoja maalumu, na utando wa seli haufunguliwi kila abishaye hodi. Ukitaka ifike ndani ikashike zile nyuzi za kijani, kwanza unaiua seli kwa formalini ili kila kitu kigande mahali pake, halafu unautoboa utando kwa aina ya sabuni, ndipo unamimina kingamwili yako yenye rangi. Kwa hiyo mliyotuonyesha ni maiti. Imeoshwa, imepambwa, inapendeza, lakini ni maiti. Makala nzima inasifu jinsi wanasayansi wanavyotazama seli zikiwa hai, na picha ni ya marehemu.

Nieleze mimi ni nani, usije ukadhani ni mzee mwenye kutafuta neno. Kwa miaka 31 nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali na vituo vya afya vya Mtwara na Lindi, na kazi iliyokula macho yangu ni kusoma slaidi za malaria. Wakati wetu hapakuwa na hiki kipimo cha haraka cha robo saa. Ilikuwa tone la damu, rangi ya Giemsa, mafuta, lenzi ya mia, na jicho lako. Unahesabu vimelea mpaka seli nyeupe zitimie 200, unapiga hesabu, unaandika majibu. Mvua zikikolea, Februari na Machi, trei ya slaidi ilikuwa haiishi mpaka shingo inakakamaa.

Mwaka wangu wa kwanza waliletwa watoto wawili siku moja, majina yao sawa, wote wana homa. Nikawachoma vidole, nikapaka slaidi mbili, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu nikajiambia majina nitaandika baadaye. Hiyo baadaye ilipofika sikujua ipi ni ya nani. Moja ilikuwa imejaa vimelea, ya pili safi kabisa. Mkubwa wangu hakunigombeza. Alizichukua zote mbili akazitupa kwenye ndoo, hata ile yenye majibu mazuri, kisha akanikabidhi baiskeli niwafuate wale watoto. Mmoja nilimkuta amebebwa mgongoni na mama yake, wamekwishatembea nusu ya njia ya Kitangari. Tangu siku ile ninaandika kwanza, ninapaka baadaye. Na ninaandika kwa penseli, kwenye ile ncha ya kioo iliyokwaruzwa, maana wino ukikutana na methanoli hufutika. Wageni wa kazi hawalijui hilo mpaka liwakute.

Nimesema hayo ili uelewe kwa nini maelezo ya chini ya picha kwangu si jambo dogo la kujazia nafasi. Hiyo ni lebo. Na lebo yenu haikuwa ya slaidi hii.

Sasa kuhusu uhai na kifo. Vitu vyote nilivyovitazama kwa miaka ile vilikuwa vimekufa. Tabaka jembamba la damu tuliliua kwa methanoli. Tone nene tulilipasua seli zake nyekundu kwa maji ili vimelea vibaki wazi. Nilikuwa kama mtu anayejifunza tabia za samaki kwa kutazama meza za sokoni. Mara moja tu niliona kitu kizima, na nilikiona Lindi, usiku. Tulikuwa tumekwenda kijijini kuchukua damu za uchunguzi wa matende na mabusha. Wadudu wake wachanga huja kwenye damu ya vidoleni usiku, kuanzia saa nne hivi mpaka saa nane, kwa hiyo kazi yenyewe ni ya usiku. Damu ya mgonjwa mmoja sikuisubiri ikauke. Niliweka tone bichi chini ya kioo chembamba, nikaelekeza taa ya karabai kwenye kioo cha hadubini. Kwanza niliona seli nyekundu zikisukumwa huku na huku, kama watu wa sokoni anapopita mwenye mkokoteni. Kisha nikamwona mwenye mkokoteni: anajikunja, anajikunjua, hana habari na mimi. Nilimwita dereva aje atazame. Dereva akaangalia, akarudi kwenye gari, akafunga vioo.

Kimelea cha malaria chenyewe kilijulikana kwa njia hiyo hiyo. Daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, alikuwa akitazama damu bichi ya mwanajeshi mgonjwa, isiyotiwa rangi. Akaona kwenye kitu cha duara zinachomoka nyuzi zinazochapa kama mijeledi. Mwendo ule ndio uliomthibitishia kuwa anatazama kiumbe hai. Angekausha slaidi yake vizuri, kwa utaratibu wote tuliofundishwa sisi, mwendo huo asingeuona. Mwaka 1907 alipewa tuzo ya Nobel.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea Ujerumani, na vimelea vyake anavitazama kwa hadubini hiyo hiyo mliyoiandika. Desemba alikuja likizo. Jioni moja, baada ya shikamoo na chakula, alifungua kompyuta yake kibarazani mbele yangu na mbele ya bibi yake, yaani mama yetu. Pale kwenye giza la kioo vilikuwepo vitu vya kijani, virefu, vimepinda kama mundu, vinakimbia. Ni sporozoiti, ile hatua ya kimelea inayotoka kwenye mate ya mbu ikaingia kwenye ngozi. Juu ya kioo cha maabara zinazunguka duara, zinazunguka, kama wacheza ngoma uwanjani. Ndani ya ngozi ya panya hazizungukizunguki hivyo. Zinachepuka, zinapenya, zinatafuta mshipa wa damu. Mwendo wake ni mikromita 1 hadi 2 kwa sekunde, na mikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Ukiona namba utasema ni polepole, lakini sporozoiti yenyewe ina urefu wa mikromita 10 na kitu tu, kwa hiyo kwa sekunde kumi hivi imetembea urefu wa mwili wake.

Mama yetu alitazama kimya. Kisha akauliza, "Kizima hicho, au kimekufa?" Mjukuu wake akajibu, "Kizima, bibi. Ila ni cha panya, hakiambukizi mtu." Bibi akasogeza kiti nyuma hata hivyo.

Angalia, Mhariri, mama yetu hakusoma. Swali lake la kwanza ndilo gazeti lako lilipaswa kujiuliza kabla ya kuandika chini ya picha.

Makala yenu inasema hadubini hii inakuza kuliko nyingine zote. Sivyo. Lenzi zake ni za sitini au za mia, kama niliyoitumia mimi, na mafuta ni yale yale. Shida inayotatuliwa na hadubini hii ya leza, jina lake konfokali, ni nyingine. Ukitazama kitu kinene kinachong'aa, kila tabaka linang'aa kwa pamoja, la juu, la kati na la chini, nawe unabaki kama anayetafuta kipande cha pilipili ndani ya mchuzi wa nazi. Kwa hiyo leza inakusanywa na lenzi ipige nukta moja tu. Mbele ya kipokea mwanga pamewekwa kizuizi chenye tundu dogo sana, limepangwa ili mwanga unaotoka kwenye nukta ile upite, na unaotoka juu au chini yake ugonge ukuta. Ukishawahi kulala mchana kwenye nyumba ya makuti iliyotoboka utanielewa: mwali mmoja wa jua unashuka, vumbi linaonekana ndani ya mwali tu. Sasa fikiri na jicho lako nalo linachungulia kwa tundu, na matundu yote mawili yameelekezwa chembe ile ile ya vumbi. Konfokali maana yake ni hiyo, fokasi mbili zinakutana mahali pamoja.

Nukta moja si picha. Leza inatembezwa nukta kwa nukta, mstari kwa mstari, kama mtu anayepalilia shamba bila kuruka tuta, na kompyuta inaandika mwangaza wa kila nukta. Ukimaliza tabaka moja unashuka nusu mikromita, unaanza upya. Mwisho una vipande vingi vyembamba vya seli, kama boflo lililokatwa silesi na kisu hakikuligusa. Seli haijakatwa. Inaweza kuwa inaendelea na shughuli zake.

Aliyebuni haya ni Mmarekani, Marvin Minsky, akiwa kijana Harvard mwaka 1955. Alitaka kuona seli za ubongo zinavyoungana, na ubongo ni kichaka. Aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1957, akaipata 1961, wala hakuna aliyemkimbilia. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960, na kompyuta za kupanga nukta zote zile zilikuwa bado. Wanabiolojia waliipokea hasa miaka ya 1980, baada ya wataalamu wa Cambridge, Uingereza, kutengeneza ya kutumia leza iliyo rahisi kuendesha. Minsky mwenyewe alikwishahamia kwenye akili bandia zamani, na wengi wanamjua kwa hiyo.

Rangi nazo. Msomaji wa kawaida akiona picha yenu ataamini kwamba ndani yake yeye mna kiini cha bluu na kamba za kijani. Seli nyingi za mwili hazina rangi hizo. Ni kama maji. Kipokea mwanga cha hadubini hii hakijui hata kijani wala nyekundu, kinahesabu mwanga tu uliopita kwenye kichujio, na rangi ya kuonyesha anaichagua mtu kwenye kompyuta. Mpwa wangu alibonyeza mara moja, sporozoiti zote zikawa za zambarau. Bibi alicheka siku hiyo mara moja tu, na ilikuwa hapo.

(Majani yananipinga kidogo, nikiri. Jani la kijani ukilipiga leza ya bluu linang'aa jekundu lenyewe, bila kupakwa kitu. Ni klorofili yake.)

Kwa seli hai kingamwili haifai, kwa hiyo wanatumia ujanja uliotoka baharini. Watu wa Msimbati na Mikindani wanamjua yavuyavu, wengine humwita konyeza, yule kiumbe kama uji wa muhogo anayewasha mwili ukimgusa. Kuna jamii yake ya bahari ya Marekani ya kaskazini magharibi inayong'aa kijani ukingoni. Mjapani Osamu Shimomura, kiangazi cha mwaka 1961, alivua yavuyavu kiasi cha 10,000 akawakamua, na mwaka uliofuata akaeleza protini zao zinazong'aa. Mwaka 1994 Martin Chalfie alionyesha kuwa jeni ya protini ya kijani ikihamishiwa kwenye kiumbe kingine, nacho kinang'aa. Roger Tsien akaiongezea rangi nyingine. Wote watatu walipewa Nobel ya kemia mwaka 2008. Sporozoiti za mpwa wangu ni za kijani kwa sababu zimebeba jeni hiyo, zinajitengenezea rangi zenyewe kutoka ndani. Hakuna aliyetoboa utando wa mtu.

Nikija kwenye jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu: mwanga unaua. Mnaandika kama vile kutazama ni bure. Leza ikipiga rangi, sehemu ya nguvu yake inazalisha oksijeni kali ndani ya seli, inayounguza protini na utando. Na rangi yenyewe inapauka kama kanga iliyosahauliwa juani. Kila picha unayopiga umeitoza seli kitu.

Mpwa wangu alilijua hili kwa aibu. Wiki zake za kwanza alipandisha leza ili picha zitoke safi. Zikatoka safi sana. Sporozoiti zikakimbia dakika chache, kisha zote zikasimama. Akaandika kwenye daftari lake kwamba hatua hii ya kimelea huchoka upesi. Mwenzake, aliyekuwa na uzoefu zaidi, akamwuliza kama ametazama sahani ya pili iliyokaa gizani muda wote huo. Akaenda akaitazama. Kule zilikuwa bado zinakimbia. "Mjomba," aliniambia, "nilikuwa nimezichoma halafu nikaandika kuwa ndiyo tabia yao." Akachana ukurasa. Nilimgombeza kwa kuuchana. Ukurasa wa makosa unapigwa mstari mmoja, unabaki.

Kwa vimelea vilivyo ndani ya damu hali ni mbaya zaidi. Kimelea hula himoglobini na kubakiza pigimenti ya kahawia, ile ile tuliyoitafuta sisi kama alama kwenye slaidi. Pigimenti hiyo inameza mwanga. Leza ikizidi, seli yenye kimelea inaweza kupasuka. Sasa wewe umekaa unasubiri kuona kimelea kikomae, kipasue seli, watoto wake watawanyike wakaingie seli nyingine, jambo ambalo kwenye slaidi zangu sikuliona kamwe maana kujipenyeza kwenyewe ni kama nusu dakika tu. Seli inapasuka mbele yako. Umeona ugonjwa ukitokea, au umeilipua mwenyewe kwa taa yako?

Ndiyo maana watu hawa wanafanya kazi kwa mwanga hafifu, picha zenye chengachenga, na kubishana na nafsi zao. Ukitaka tabaka 30 na kila moja linachukua sekunde, unapofika chini nusu dakika imepita na sporozoiti uliyoanza nayo juu imeshaondoka mikromita 30 na zaidi. Basi unaacha kina, unashika kasi. Au unatumia hadubini yenye sahani inayozunguka, iliyotobolewa matundu mengi kama chekecheke, ambayo Mojmír Petráň na wenzake walionyesha njia yake kule Czechoslovakia miaka ya 1960. Nukta nyingi zinapigwa kwa pamoja na kila moja inapata mwanga kidogo. Seli za binadamu, juu ya hayo, zinataka nyuzijoto 37, hewa yenye kabonidayoksaidi asilimia 5, na unyevu, muda wote zikiwa pale kwenye meza ya hadubini. Ni kulea mgonjwa mahututi huku ukimpiga picha.

Mwandishi wenu anamalizia kwa kutaka mikoa ya kusini nayo iletewe mashine hizi. Sikatai, ila bei yake ni mamia ya maelfu ya dola, na inataka chumba kisichopanda joto, umeme usiochezacheza na fundi wa kuipanga leza zake. Sitaki kulirefusha hilo. Nimeshaona mashine nyingi zimefunikwa kitambaa.

Ila kama mtu atauliza sisi huku tungetazama nini, ninayo majibu. Ubwiriunga wa mikorosho, kwa mfano. Kila mkulima wa Newala na Tandahimba anaujua ule unga mweupe juu ya maua, na salfa tunayopuliza kila msimu. Ni ukungu usioota kwenye sahani ya maabara. Unataka jani au ua lililo hai, unaingiza kifyonzaji chake ndani ya seli ya mkorosho bila kuiua, unakula taratibu. Kitu cha namna hiyo ukikiua ili ukitazame, kile ulichotaka kukiona kimeshaondoka.

Na chikungunya. Watu wa mbali wanalitamka jina hili bila kujua wametamka Kimakonde. Ni hapa kwenye nyanda za Makonde, mlipuko wa 1952 na 1953, ugonjwa huu ulipotambuliwa, na jina linatokana na jinsi unavyomkunja mgonjwa viungo. Maelezo ya kitabibu yalitolewa mwaka 1955 na Marion Robinson na W.H.R. Lumsden. Kirusi chake kina upana wa nanomita 70 hivi, na nanomita elfu ndiyo mikromita moja. Hadubini ya konfokali haitenganishi vitu viwili vilivyo karibu kuliko nanomita 200 kama hivyo, kwa sababu ya umbile la mwanga wenyewe, kama alivyoeleza Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1873. Je, kirusi hakionekani? Simama ufukweni Mikindani usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa wamewasha taa. Huoni ngalawa wala mashua, huoni watu. Unaona taa. Unaweza kuzihesabu, unaweza kusema ile inaelekea mkondoni na ile imetulia. Kirusi kilichotiwa protini ya kung'aa kinafuatiliwa hivyo hivyo hadi ndani ya seli hai, kama taa. Umbo lake usiliulize. Gazeti likija kutuwekea doa la kijani na kuandika kwamba hili ndilo umbo la kirusi, nitaandika barua nyingine.

Utasema wasomaji hawajali. Nikupe jambo la mtaani kwetu. Kijana mmoja jirani, mama yake anatibiwa saratani, alitumiwa kwenye simu video ya seli za saratani zikigawanyika. Sekunde 10, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne nane. Akaja kwangu amenyong'onyea. Akaniuliza, "Mzee, dawa ya kila wiki tatu itaweza wapi na kitu kinachozaana hivi?" Alikuwa ameanza kufikiri kumrudisha mama nyumbani. Nilimweleza kuwa seli inayogawanyika huchukua kama saa moja kujigawa, na seli za binadamu zinazofugwa kwenye sahani mara nyingi hukaa siku nzima hivi kabla ya kujigawa tena, kwa hiyo alichokitazama kwa sekunde 10 kilipigwa kwa siku kadhaa, picha moja kila baada ya dakika kadhaa, kisha zikaunganishwa. Hakuna mahali popote kwenye video palipoandikwa hivyo. Alirudi na mama yake hospitalini Jumatatu iliyofuata, lakini angeweza asipite kwangu.

Ombi langu basi ni la maneno machache chini ya kila picha ya namna hii, na mwandishi wenu anaweza kuyapata kwa kumwuliza aliyempa picha. Seli ilikuwa hai au imekufa. Rangi imetokana na nini. Kama ni video, muda halisi ulikuwa kiasi gani. Na ule mstari mfupi wa kipimo uliokuwa pembeni mwa picha msiukate mnapoipunguza ili ienee kwenye ukurasa. Kwenye yenu ninaona kabisa ncha yake imebaki kona ya chini kulia, imekatwa.

Barua imekuwa ndefu, najua. Ukitaka kupunguza, punguza habari za dereva na za boflo. Jina na anwani yangu unavyo.

Naambatanisha ile picha. Nimeibandika kwenye karatasi nyeupe na chini yake nimeandika kwa penseli: "Seli ya binadamu, imeuliwa kwa formalini. Rangi za kingamwili, zimechaguliwa kwenye kompyuta. Kipimo:" Hapo kwenye kipimo nimeacha wazi, mtajaza nyinyi.

Wako,
Fundi wa maabara mstaafu,
Newala.